Timu saba, bidhaa moja, kila sprinti tunangojana: SAFe, LeSS au tuanzie wapi?

Mvumo_wa_Malindi · Jumatatu, saa 3:12 asubuhi

Assalaam aleikum wanauzi.

Naiweka hali kwa namba ili tusipige ramli. Ushirika wa akiba na mikopo, watu 61 upande wa programu, timu saba: leja (daftari kuu la hesabu za fedha), mikopo, akiba, simu, malipo, ripoti na miundombinu. Mbili ziko hapa Malindi, nne Mombasa, moja Nairobi. Kila timu inafanya Scrum yake (mbinu ya timu ndogo kufanya kazi kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti), sprinti za wiki mbili, na ukiitazama peke yake haina kasoro kubwa.

Shida huanza kazi ikigusa zaidi ya timu moja. Mfano: mwanachama aombe mkopo kwenye simu na pesa zimwingie M-Pesa. Hapo inahitajika timu ya simu, ya mikopo, ya leja na ya malipo. Kila moja inaripoti "kwetu imekamilika", na mwanachama bado anapanga foleni kwenye tawi.

Uongozi unataka kulipia mafunzo ya SAFe, mbinu ya kuratibu timu nyingi za programu, kwa wote. Wapo wanaosema LeSS, mbinu nyingine ya aina hiyo. Wapo wanaotaka "mtindo wa Spotify", ile kampuni ya muziki wa mtandaoni. Hela haijatoka bado. Kipi kitangulie?

---

Tanga_Mbili · Jumatatu, saa 3:40 asubuhi

Waaleikum salaam. Kabla ya jina la mbinu yoyote, piga hesabu moja.

Kazi ya mkopo inahitaji timu nne. Tuseme kila timu hutimiza ahadi yake mara nane katika kumi, na hiyo ni timu ya kusifiwa. Nafasi ya zote nne kutimiza kwa pamoja ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani kama asilimia 41. Una timu nne nzuri na bado kazi inachelewa mara nyingi kuliko inavyowahi. Hakuna mzembe hapo wa kukemewa, na cheti cha mafunzo hakigusi hesabu hiyo. Kinachoigusa ni kuzipunguza timu nne ziwe mbili, ikiwezekana moja.

Hesabu ya pili ni ya mazungumzo. Watu 9 wana jozi 36 za kuongea. Watu 61 wana jozi 1,830. Mwongozo wa Scrum wa 2020 unaitaja timu ya watu 10 au pungufu, na si bure. Ukiichukua Scrum ukaitandaza juu ya watu 61 kwa kuongeza vikao tu, unajaribu kuzihudumia jozi 1,830 kwa kalenda. Hazihudumiki.

Kwa hiyo jibu langu: panga upya nani anategemea nani, kisha uchague mbinu. Ukienda kinyume, mbinu itakusaidia kuratibu mkanganyiko uleule kwa karatasi nzuri zaidi.

---

Mwana_wa_Casuarina · Jumatatu, saa 4:25 asubuhi

Nakubali hesabu, sikubali kuidharau SAFe. Ilitoka mwaka 2011 chini ya Dean Leffingwell, na ukubwa inaoulenga kwa kundi moja, linaloitwa treni, ni watu 50 hadi 125. Watu 61 wanaingia sawasawa. Na ukiondoa mabango na vyeo vyote, kitu chenye thamani humo ni kimoja: kikao cha kupanga cha siku mbili kila wiki 8 hadi 12, watu wote mahali pamoja.

Kinavyokwenda:

Siku ya kwanza asubuhi, uongozi unaeleza biashara inataka nini, kisha wasanifu wanaeleza mipaka ya mfumo. Fupisheni. Hotuba zikipita saa sita mchana, timu zimeibiwa muda wa kazi. Baada ya hapo kila timu inajipanga kwenye meza yake, sprinti kwa sprinti, na inatembea kwenda meza ya timu inayoitegemea kuuliza ana kwa ana: "Mtatupa lini?" Jioni kila timu inasoma rasimu yake mbele ya wote, na viongozi wanabaki nyuma kukata kazi. Neno ni kukata. Kiongozi asiyekata kitu jioni hiyo hakuhudhuria kikao.

Siku ya pili timu zinarekebisha, halafu hatari zinasomwa moja moja na kila moja inapewa hali yake: imetatuliwa, ina mwenyewe wa kuishughulikia, imekubaliwa ilivyo, au imepunguzwa makali. Mwisho kura ya vidole, kimoja hadi vitano. Wastani ukishuka chini ya vitatu mpango unarudi mezani. Anayeinua viwili aulizwe sababu, hata kama ndiye mdogo kuliko wote chumbani.

Gharama isifichwe: watu 61 × siku 2 × saa 8 ni saa 976. Kikao kikiisha bila kazi hata moja kukatwa, saa hizo zimekwenda na maji.

Kinapoharibika mara nyingi ni hapa: timu inajaza uwezo wake wote, asilimia mia, kwa wiki kumi mbele. Mpango wa namna hiyo unavunjika wiki ya pili.

---

Kisima_cha_Shela · Jumatatu, saa 4:31 asubuhi

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Timu saba, wasimamizi saba wa bidhaa, kila mmoja akiamua kipi kitangulie. Umemaliza hapo.

---

Bint_Mkomani · Jumatatu, saa 5:50 asubuhi

Kisima, umekata maneno lakini umegusa penyewe. Mvumo, hukusema: orodha za kazi ni ngapi? Kama kila timu ina orodha yake na msimamizi wake wa bidhaa, basi una bidhaa saba ndogo zilizofungwa kamba moja. Timu ya simu itauweka mkopo namba 1, timu ya leja itauweka namba 14, na wote wawili wana haki kwa orodha zao.

LeSS, ya Craig Larman na Bas Vodde, inaanzia hapo. Kwa timu mbili hadi nane: orodha moja, msimamizi wa bidhaa mmoja, sprinti moja kwa wote, na maana moja ya neno "imekamilika". Kupanga kuna sehemu mbili. Ya kwanza wawakilishi wa timu zote wanakaa na msimamizi na kugawana kazi kutoka juu ya orodha. Ya pili kila timu inajipangia, na mbili zenye kazi inayogusana zinapanga chumba kimoja. Ikizidi timu nane kuna LeSS Huge, lakini hiyo haikuhusu. (Nexus ya Ken Schwaber, ya 2015, ni ndugu yake wa karibu: timu tatu hadi tisa, orodha moja, pamoja na kikosi kidogo cha kuhakikisha kazi zinaunganika. Tofauti zao si za kugombania.)

Kinachouma katika LeSS ni hiki. Inataka timu inayoweza kutoa kitu kizima kwa mwanachama, yaani ndani yake awemo anayejua simu, anayejua mikopo, anayejua leja. Timu za vipande kama zako, leja peke yake, malipo peke yake, ndizo inazotaka kuzivunja. Wakuu wa vitengo hawapendi, kwa sababu kila kitengo ni kiti cha mtu.

Usivunje zote saba kwa siku moja. Chukua kazi ya mkopo wa simu. Unda timu moja ya watu saba au wanane: wawili kutoka simu, wawili mikopo, mmoja leja, mmoja malipo, mpimaji wa programu, na mtu wa tawi anayejua fomu zinavyojazwa kweli. Wape miezi mitatu bila kuwaita kuzima moto wa timu zao za zamani. Sharti hilo la mwisho ndilo huvunjwa kwanza, kwa hiyo liandikwe na lisainiwe.

Na Spotify: maandishi yale ya 2012 ya Henrik Kniberg na Anders Ivarsson yanasema yenyewe kwamba ni picha ya kampuni ilivyokuwa wakati ule. Kuyachukua kama ramani ya ushirika wa Malindi ni kushona kanzu kwa vipimo vya mtu mwingine.

---

Fundi_wa_Langoni · Jumatatu, saa 8:05 mchana

Mmeongea watu na orodha, hakuna aliyeuliza kuhusu tawi kuu la msimbo, yaani nakala moja ya programu ambamo kazi za wote huunganishwa. Timu saba zikiunganisha kazi zao siku ya mwisho ya sprinti, hata LeSS iandikwe kwa dhahabu, siku hiyo ni ya kilio.

Mambo ya chini kabisa:

Kila mtu aunganishe kwenye tawi kuu angalau mara moja kwa siku. Kazi ambayo haijaiva ifichwe nyuma ya swichi ya kuiwasha au kuizima ndani ya programu, isifichwe kwenye tawi la wiki tatu. Swichi iwashwe kwanza kwa wafanyakazi, kisha tawi moja la ushirika, kisha wote. Halafu *ifutwe*. Swichi kumi zilizosahaulika ni hali 1,024 tofauti za mfumo, na hakuna atakayezipima zote.

Majaribio ya kiotomatiki ya kila unganisho yamalizike ndani ya dakika kumi hivi. Yakichukua dakika 50 watu wataacha kuyasubiri, na siku hiyo tawi kuu litaanza kuoza.

Mazingira ya majaribio yasiwe moja kwa timu saba. Timu ya mikopo ikifuta data ili ijaribu riba, timu ya ripoti inapoteza siku nzima ikitafuta hitilafu ambayo haipo.

Palipo na mpaka kati ya timu mbili, anayeuliza (timu ambayo programu yake inaomba data) aandike jaribio la anachokitegemea, na jaribio hilo liendeshwe upande wa anayejibu. Timu ya leja ikibadilisha jina la sehemu kwenye majibu yake, ijue palepale dakika ileile, isisubiri simu kutoka Mombasa.

Sasa hifadhidata, maana hapo ndipo timu hukwama kabisa. Chukulia mwanachama ana namba moja ya simu kwenye jedwali la wanachama na sasa mnataka awe na mbili. Timu tano zinasoma safu hiyo. Usiwaite tano kwenye kikao ili wabadilishe usiku mmoja. Fanya hivi:

1. Ongeza jedwali jipya la namba za simu. Usiguse safu ya zamani.
2. Programu ianze kuandika kote kuwili, huku ikisoma zamani.
3. Hamisha rekodi zilizopo kwa mafungu, tuseme elfu tano tano, usiku, na kila fungu liweze kurudiwa bila kuzaa rekodi pacha.
4. Linganisha kila siku kwa wiki nzima. Tofauti ikiwa hata moja, simama utafute anayeandika kwa mlango wa nyuma. Huwa yupo, na mara nyingi ni skripti ya ripoti ya mwisho wa mwezi.
5. Timu moja moja ihamie kusoma jedwali jipya, kila moja kwa sprinti yake.
6. Wa mwisho akihama, acha kuandika zamani. Subiri hadi ripoti za mwisho wa mwezi zipite. Ndipo ufute.

Hatua ni sita badala ya moja, lakini hakuna timu inayoingoja nyingine. Hiyo ndiyo faida inayonunuliwa.

---

Tanga_Mbili · Jumatatu, saa 8:30 mchana

Fundi, hatua ya 4 ingetosha kuwa uzi wake peke yake.

---

Kaskazi_Imeingia · Jumatatu, saa 10:15 jioni

Niongeze la foleni, kwa sababu Mwana wa Casuarina kaligusa akaliacha.

Timu ya leja ikiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, na kazi zinaifikia bila mpangilio, kazi ya siku moja itasubiri wastani wa siku 4 kabla ya kuguswa. Ikifika asilimia 90, siku 9. Asilimia 95, siku 19. Ni hesabu ya kawaida ya foleni ya mlango mmoja. Meneja anayeona mtu "hana kazi" Alhamisi alasiri na kumtwika kazi nyingine, amerefusha foleni ya timu nyingine sita bila kujua. Timu inayotegemewa na wengi ipangiwe asilimia 70 hadi 80, basi.

Na John Little alithibitisha mwaka 1961: zilizomo mkononi gawanya kwa zinazotoka, unapata muda wa wastani. Kazi 42 zimeanzishwa, 6 zinakamilika kwa wiki, kila moja itachukua wiki 7. Kabla ya kuongeza watu, punguza 42.

Kingine, msilinganishe pointi (makadirio ya timu ya ukubwa wa kazi zake) za timu moja na nyingine. Uongozi ukiitazama tu namba hiyo, timu zote zitapanda pointi mwezi ujao na mwanachama hataona tofauti. Pima yanayomfikia yeye: mnatoa toleo mara ngapi, badiliko linachukua muda gani toka kuandikwa hadi kutumika, matoleo mangapi kwa mia yanaharibika, na kuyatengeneza kunachukua muda gani.

---

Bint_Mkomani · Jumatatu, saa 11:02 jioni

Kuhusu ubao wa kupangia, kwa watakaoufanya kwa karatasi, na mwaka wa kwanza nashauri karatasi. Safu mlalo ni timu, safu wima ni sprinti. Kila kazi kubwa ni karatasi kwenye timu na sprinti yake. Timu A ikihitaji kitu cha timu B, vuta uzi mwekundu kutoka karatasi hadi karatasi. Uzi ukirudi nyuma, yaani unachohitaji kinatoka sprinti moja na yako au baada yake, tayari una tatizo na bado hamjaanza.

Tumieni pini, msitumie karatasi za kunata. Kwa unyevu wa pwani na feni ya dari, kufikia adhuhuri mpango wenu wote uko sakafuni.

Walio mbali, wale wa Nairobi, msiwawekee simu moja katikati ya chumba. Kila meza iwe na kompyuta yake na mtu mmoja wa mbali kama mwenzao wa meza. Umeme wa akiba upimwe siku moja kabla, si asubuhi ile.

Na kalenda, jamani. Sprinti isiishie Ijumaa. Onyesho la kazi likiwekwa saa saba mchana Ijumaa, nusu ya chumba iko msikitini. Ishieni Jumanne au Jumatano. Idd hutegemea mwezi kuandama, kwa hiyo acheni wazi siku zote mbili zinazowezekana. Wiki ya Maulidi, kama mna watu wa Lamu, uwezo wao wekeni sifuri mapema kuliko kujidanganya. Ramadhani, vikao vya asubuhi, kazi nzito isipangwe alasiri.

---

Mvumo_wa_Malindi · Jumatano, saa 2:20 asubuhi

Ahsanteni sana. Nimeufanya ubao kwa sprinti tano zijazo, kwa mpango uliopo. Nyuzi 31. Kati ya hizo, 19 zinaishia timu ya leja, ambayo ina watu sita.

Orodha za kazi, Bi Mkomani: saba, kama ulivyohisi.

---

Kisima_cha_Shela · Jumatano, saa 2:24 asubuhi

Watu sita, nyuzi 19. Hao hawahitaji mafunzo, wanahitaji kuokolewa.

---

Tanga_Mbili · Jumatano, saa 2:58 asubuhi

Safi. Sasa usizitazame 19 kama fungu moja. Chukua kila uzi uulize: huyu anataka *nini hasa* kwa leja? Zitagawanyika makundi matatu: wanaotaka aina mpya ya muamala au sehemu mpya, wanaotaka kusoma salio tu, na wanaobadilisha uhasibu wenyewe. Rudi na hesabu ya makundi hayo.

---

Mvumo_wa_Malindi · Jumatano, saa 6:40 mchana

Aina mpya ya muamala au sehemu mpya: 11. Kusoma salio na historia: 5. Uhasibu wenyewe, mfano namna riba inavyotambuliwa mkopo ukichelewa: 3.

---

Tanga_Mbili · Jumatano, saa 7:15 mchana

Basi kazi yako ya kwanza ni hii, na haina jina la mbinu.

Zile 11: timu ya leja itengeneze katalogi ya aina za miamala. Timu inayotaka aina mpya inaandika yenyewe: jina, akaunti ya debiti, akaunti ya krediti, viwango, nani anaidhinisha. Leja inapitia tu. Kujenga hiyo kutakula sprinti mbili za leja, na katika sprinti hizo mbili msiwape kitu kingine. Nyuzi 11 zinageuka kuwa mapitio mafupi.

Zile 5: nakala ya kusoma pekee, yenye kiolesura (njia ya programu nyingine kuisoma) kilichoandikwa vizuri. Mwambieni kila mtu wazi kwamba inaweza kuchelewa sekunde chache nyuma ya leja, hivyo isitumike kuamua kama mtu ana salio la kutoa. Kuamua kunabaki kwenye leja yenyewe. Hapo watu huteleza.

Zile 3: hizo ni za kweli. Ziingie kwenye kupanga kwa pamoja, zipewe uzi mwekundu na pini imara.

31 toa 16 ni 15, kwa timu saba. Ubao wa namna hiyo unasomeka.

---

Mwana_wa_Casuarina · Jumatano, saa 7:33 mchana

Na hapo ndipo nisingelipia mafunzo ya watu 61. Orodha saba ziwe moja, kikao cha siku mbili mkifanye wenyewe mara moja, na kikao cha wawakilishi mara mbili kwa wiki, dakika 15, swali moja tu: nani anamngoja nani leo. Baada ya wiki kumi hesabuni nyuzi tena. Zikibaki nyingi, tutaongea SAFe kwa moyo mkunjufu.

---

Mvumo_wa_Malindi · Jumatano, saa 9:05 alasiri

Swali la mwisho. Timu ya leja watasema watu wa nje wataharibu vitabu. Na wana hoja.

---

Fundi_wa_Langoni · Jumatano, saa 9:48 alasiri

Wana hoja kabisa, kwa hiyo wapeni funguo. Hakuna badiliko la katalogi linaloingia bila mmoja wao kuidhinisha, lakini na wao wanafungwa: jibu ndani ya saa nne za kazi, na zamu ya mapitio iwe ya mtu mmoja kila siku ili watano waliobaki wafanye yao.

Kisha majaribio matatu yasiyorukwa na yeyote, hata mkuu wa kitengo. Kila muamala jumla ya debiti ilingane na jumla ya krediti. Kila muamala uweze kubatilishwa kwa muamala wa kinyume, kamwe si kwa kufuta. Na ombi lilelile likitumwa mara mbili, mfano mtandao umekatika katikati ya malipo, liandikwe mara moja tu. La tatu ndilo timu ya simu itaangukia kwanza. Waambieni mapema waweke namba ya pekee kwa kila ombi, na waitengeneze kwenye simu yenyewe kabla ya kutuma, si kwenye seva.